Picha Isiyokuwa na Tone la Maji

Fundi Khalfani Mwinchumu alikwenda nchi ya Mlandano, akarudi. Alifika kwa njia gani, kwa siku ngapi, na njiani alikula nini, mwenye kutaka hayo akamuulize mwenyewe, maana anapenda sana kuulizwa. Sisi tutaanzia pale alipovikwa joho.

Lilikuwa joho refu la rangi ya samli, lenye vifungo kumi na viwili, na aliyemvika ni Bwana Sefu Kirobo, Mkuu wa Mada wa nchi ile. Kwao, Khalfani alikuwa amekaa miaka ishirini na sita akipiga picha za pasipoti katika chumba kimoja chenye pazia jeupe na kiti cha kuzunguka, na kwa miaka yote hiyo wateja walimwita "wewe wa picha". Sasa watu wenye viatu vya kung'aa walikuwa wakimwinamia na kumwita Jicho la Mgeni. Alikaza shingo, akatoa kifua mbele. Sioni ajabu, hata mimi ningekitoa.

Cheo hicho kiko katika sheria za Mlandano. Kila mwaka nchi hutangaza Mada moja, na kila mji huleta picha moja inayohusu Mada hiyo. Waamuzi ni watano. Wanne ni wenyeji, na wa tano lazima atoke nje, kwa kuwa kila mwenyeji ana shangazi katika mji fulani na mashangazi wanajulikana. Kila mji ambao picha yake inalandana na Mada hupewa fungu la mema ya Mada ya mwaka huo, na wa kwanza hupewa zawadi juu yake. Mwaka aliokwenda Khalfani, Mada ilikuwa Maji, kwa hiyo yaliyokuwa yakigombewa ni mabomba na pampu.

"Na picha isiyolandana?" Khalfani aliuliza.

"Hiyo iko nje ya Mada," alijibu Bwana Sefu, "na mji wake uko nje ya mwaka."

Kabla ya kazi kuanza, Mkuu alimtembeza katika Ukumbi wa Washindi. Mwaka wa Furaha ilishinda picha ya rafu ya mtengenezaji wa meno ya bandia. Kitabu cha Alama, ambacho ndicho msahafu wa waamuzi wa kule, kinasema furaha hutambulika kwa meno, na rafuni palikuwa na seti kumi na tatu zilizokamilika, jumla meno mia nne na kumi na sita. Hapakuwa na mdomo hata mmoja. Ngoma na mapambo ya zawadi ya kwanza yalipelekwa kwa mtengenezaji huyo, ambaye ni mjane na hapendi kelele.

Mwaka wa Elimu ilishinda picha ya ghala la vitabu lenye kufuli mbili. Shule ya mji uitwao Pembeni ilikuwa imeleta picha ya watoto sitini wakiandika mchangani kwa vidole, ikapata sifuri.

"Vidole havimo katika Kitabu," alieleza Bwana Sefu.

"Na vitabu vya mwaka ule vilikwenda wapi?"

"Ghalani. Tulilazimika kujenga ghala la pili."

Alisema hivyo bila tabasamu, kwa sauti ya mtu anayeonyesha shamba lake. Khalfani alitaka kuuliza zaidi, lakini joho lilikuwa limemkaa vizuri mabegani, akaendelea kumfuata.

Mwisho wa ukumbi walifika kwenye ukuta wa picha za Macho ya Wageni waliotangulia. Zilikuwa sura thelathini na saba ndani ya fremu za dhahabu. Ya thelathini na nane ilikuwa yake, imepigwa jana yake na kutundikwa asubuhi ile. Hapo nitasema jambo la kumtetea. Mtu huyu alikuwa amewapiga picha maelfu ya watu, na mwenyewe hajawahi kupigwa picha na anayeijua kazi. Aliyempiga hii aliijua. Mwanga ulikuwa umetoka upande, ukashika paji la uso na kuacha shavu moja kwenye kivuli, na Khalfani kwa mara ya kwanza maishani alijiona mtu wa maana. Siku ile alitafuta visingizio vya kupita hapo mara nne.

Kazi ilianza baada ya chai. Waamuzi walikaa kwenye meza ndefu, Khalfani akafuta miwani yake kwa upindo wa joho, akangoja picha ziletwe. Zikaletwa karatasi.

"Picha ziko wapi?" alimnong'oneza Mkuu.

"Kwa Wahesabu, chumba cha pili. Sisi hatuzioni. Macho hurubuniwa kirahisi, Bwana Mgeni. Mtu akiiona picha ataipenda au ataichukia, na hapo haki imekwisha. Hesabu haina shangazi."

Kiongozi wa Wahesabu alikuwa Bi Ashura Ndemanga, mwanamke mfupi mwenye lenzi shingoni na sindano ndefu ambayo huitembeza juu ya picha toka alama moja hadi nyingine. Kabla hajamwambia Khalfani jina lake, alimwambia kwamba ana miaka kumi na tisa katika kazi hiyo na hakuna mtu aliyewahi kurudia hesabu yake. Mji ukipata alama mia moja uko ndani ya Mada. Chini ya hapo uko nje. Bi Ashura alisimama akasoma. Mji wa Bubujiko, picha ya chemchemi ya bustani ya meya, matone elfu tisa na sitini na mawili. Makofi yakapigwa. Miji mingine ikafuata, huu na ziwa lake, ule na mvua zake. Kisha mji wa Kauke: bahari hakuna, mto hakuna, mvua hakuna, matone hakuna. Jumla, sifuri.

Wanne walisaini, karatasi ikamfikia Khalfani. Ana saini yenye mkia mrefu, ambayo ameifanyia mazoezi miaka mingi nyuma ya bahasha. Aliiandika yote na mkia wake. Hapa sitamtetea. Mtu aliyekula kwa macho yake miaka ishirini na sita aliihukumu picha bila kuiona, kisha akaenda kula pilau.

Asubuhi ya pili ndiyo siku ya zawadi, na pia ndiyo siku ya kurudisha picha zilizokataliwa. Kazi hiyo ni ya Jicho la Mgeni, kwa sababu mwenyeji hapendi kutazamwa na watu wa mji uliotolewa nje ya mwaka. Picha hurudishwa mlangoni, imefunikwa uso chini. Mwaka ule ilikuwa moja tu, na aliyekuja kuichukua alikuwa Bi Zuhura Kachenje, dobi wa Kauke, mwanamke mwenye mabega mapana na vidole vilivyochubuliwa na sabuni. Alivaa gauni jeupe ambalo Khalfani, mtu wa pazia jeupe, hakuweza kuacha kulistaajabia.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, bibi. Picha yenu hii hapa. Poleni sana."

Bi Zuhura hakunyoosha mkono. "Umeiona?"

"Nimeisaini."

"Hilo sikukuuliza, baba."

"Sheria hapa haituruhusu kuona. Tunaletewa hesabu."

"Haya. Na huko kwenu kazi yako nini?"

"Mpiga picha," alisema Khalfani, na akajisikia akilitamka kwa sauti ndogo.

Mwanamke alimtazama kuanzia joho mpaka viatu. "Mimi ni dobi," alisema. "Gauni hili nimelifua kwa maji ya kikombe kimoja na nusu. Litafute doa. Na tangu nianze kazi hii sijamrudishia mtu nguo yake kabla sijaitazama."

Khalfani aliona haya. Sitatafuta neno la kuipamba: aliona haya mpaka masikio yakamuwaka. Hapo mlangoni, mbele ya walinzi wawili waliogeuza nyuso haraka, akaipindua picha.

Katikati ya uwanja wa vumbi lilisimama bomba moja la chuma. Kutoka hapo ulianza mstari wa ndoo, madumu na sufuria, ukaenda, ukakata kona nyuma ya nyumba ya kwanza na kutokea tena nyuma ya nyumba ya tatu. Pale ambapo mwenye ndoo alikuwa ameihitaji nyumbani, alikuwa ameweka jiwe limshikie nafasi, na kila jiwe lilikuwa na jina la mtu kwa mkaa. Mtu hakuwamo hata mmoja. Na kinywani mwa bomba, pale panapotoka maji, nyigu walikuwa wamejenga kiota, wakamaliza, wakaongeza cha pili juu yake.

Khalfani aliangalia vivuli. Ndoo zote zilikuwa zimelaza vivuli vyake kuelekea bombani, na hilo halitokei kwa bahati. Ni lazima mpigaji aijue saa yake na aingoje.

"Ulilingoja jua hili muda gani?"

"Pale huwa nipo tu. Jiwe la tatu ni langu."

"Kamera ya nani?"

"Ya karani wa shule. Aliniazima siku moja, nikampigia pasi mashati yake yote." Akaongeza, "Sikuileta mtuhurumie. Nimeileta muitazame. Bomba lenye maji likipita Kauke nitafua nguo za miji mitatu, na binti zangu hawatalala foleni. Lakini kama haifai, niambie wewe uliyeiona, sasa hivi, nami nitaichukua niende zangu."

Khalfani aliishika picha uso juu, akaingia nayo ukumbini, na Bi Zuhura akafuata nyuma.

Ukumbi ulikuwa umejaa wajumbe wa miji. Meya wa Bubujiko alikuwa amekwisha kaa mstari wa mbele, kilemba kimenyooka, mikono tayari kupokea. Khalfani alitembea mpaka mbele ya meza.

"Bwana Mkuu, jana nilisaini picha ambayo sikuiona. Naomba kuifuta saini yangu."

Minong'ono ilipita ukumbi mzima. Bwana Sefu alikuwa mtu mwenye adabu, na alijibu kwa adabu. Alisema mwamuzi wa Mlandano hakosei, na ushahidi ni kwamba hakuna aliyewahi kufuta. Mgeni anaruhusiwa kukosea, kwa kuwa ni mgeni. Lakini akifuta, joho huvuliwa palepale, na picha yake ukutani hugeuzwa, uso ukutani, isigeuzwe tena kamwe.

Khalfani alitazama upande wa ukuta. Kutoka pale aliposimama aliliona paji lake la uso, na shavu lililokuwa kwenye kivuli. Alitazama muda mrefu kuliko inavyopendeza kusimulia. Kisha akaanza kufungua vifungo. Ni vifungo kumi na viwili, na vitundu vyake ni vidogo, kwa hiyo watu mia kadhaa walikaa wakimwangalia mzee akihangaika na kifungo cha saba. Alipomaliza alilikunja joho vizuri, akaliweka mezani, akabaki na shati lake la mikono mifupi. Mlinzi alikwenda ukutani akaigeuza fremu.

"Haya," alisema Bwana Sefu. "Saini imefutwa, shauri liko wazi. Wewe umeiona. Ina maji?"

"Haina."

"Basi tunakubaliana."

"Hatukubaliani, Bwana Mkuu. Picha nzima ni ya maji. Sijaona picha yenye maji kuliko hii."

"Bwana Khalfani," alisema Mkuu, na wote walisikia kwamba hakumwita Jicho, "tukianza kuhesabu visivyokuwamo, tutaishia wapi? Kesho mtu ataleta ukuta mtupu aseme ni Upendo."

Watu walicheka. Khalfani mwenyewe aliona kwamba hoja ina miguu. Alijikuna shingo, akajibu kwa kile anachokijua.

"Mimi napiga picha za pasipoti. Ndani yake hamna ndege, hamna barabara, hamna hata begi. Uso na pazia, basi. Lakini hakuna anayekuja kukaa kwenye kile kiti changu ila ana safari. Wengine mikono inatetemeka. Nikizipima kwa Kitabu chenu, miaka ishirini na sita sijapiga picha ya msafiri hata mmoja."

"Pengine hujapiga," alisema Bwana Sefu, na kicheko kikawa kikubwa zaidi.

Khalfani alingoja kiishe. "Sheria inawakataza waamuzi kuona," alisema. "Mimi si mwamuzi tena, na hawa hawajawahi kuwa. Waitazame."

Akaishika picha kwa ncha za vidole, kama inavyoshikwa na mtu anayejua, akaanza kupita nayo kati ya mabenchi. Hakuenda haraka. Benchi la kwanza liliinama kuitazama, halafu la pili. Mama mmoja alianza kusoma majina ya kwenye mawe kwa sauti ya chini, akafika la saba akaacha. Mtu wa makamo kutoka mji wa ziwa alikohoa, akainua mkono kumwita mhudumu, akaomba maji. Jirani yake naye akaomba. Wahudumu wa ukumbi ule ni sita tu, na kwa kawaida hukaa wakisinzia. Sasa walianza kukimbia na majagi, wakirudi, wakijaza, wakikimbia tena. Hata meya wa Bubujiko, mwenye matone yake elfu tisa, alimaliza glasi ya kwanza na kushikilia jagi kwa ajili ya nyingine. Hakuna aliyekuwa akicheka.

Picha ilipofika mezani pa Wahesabu, Bi Ashura aliinamisha lenzi. Siku mbili nyuma alikuwa ameipima nusu asubuhi, akipitisha sindano juu ya kila ndoo kutafuta tone, na mtu anayetafuta tone haioni ndoo. Alitazama mara moja tu. Kisha akainuka, akaugeukia ukumbi, akaanza kunyoosha sindano huku na huku, midomo ikitikisika.

"Glasi mia moja na kumi na nne," alisema, na akachukua kalamu.

"Unafanya nini, Bi Ashura?"

"Nahesabu, Bwana Mkuu. Nilihesabu matone elfu tisa ya Bubujiko bila kuona kiu. Hii imekausha ukumbi mzima." Akamtazama mkononi. "Na hiyo ya kwako ni ya mia moja na kumi na tano."

Bwana Sefu aliangalia mkono wake mwenyewe, akaona umeshika glasi, tupu. Aliiweka chini taratibu.

"Glasi hazimo ndani ya picha."

"Picha ndiyo iliyoziita."

"Nani amesema hivyo?"

"Mhesabu Mkuu," alisema Bi Ashura, na kwa ufupi wake wote akaonekana mrefu. "Miaka kumi na tisa. Mwenye kutaka kurudia hesabu yangu na asogee, sindano ni hii."

Aliinyoosha sindano juu ya meza na kungoja. Waamuzi wenyeji walitazama karatasi zao. Walikuwa wamejenga nchi nzima juu ya hesabu ya mwanamke yule. Wangeigusa moja, wangelazimika kuzigusa zote, meno na maghala kwa pamoja. Bwana Sefu alilijua hilo kuliko wote. Alivuta karatasi ya Kauke, akaandika mia moja na kumi na tano, akapiga muhuri.

Kwa hiyo Kauke iliingia ndani ya mwaka, ikiwa ya tatu kutoka mwisho. Msidhani Mlandano ilibadilika. Zawadi ya kwanza ilikwenda Bubujiko, ambako meya alijengewa chemchemi ya pili ili aitazame akichoka kuitazama ya kwanza.

Bi Zuhura hakupiga vigelegele. Aliipokea picha yake, akaiinamisha kwenye mwanga kuangalia kama imeachwa alama ya kidole, akaona haina, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha alimsogelea Khalfani, aliyekuwa amesimama peke yake ndani ya shati lake.

"Joho lile umeliacha na kola chafu," alisema. "Nitalifua mimi."

Khalfani alicheka, ndipo machozi yakamlengalenga, akageuka upande kama mtu anayetafuta mlango. Siku ile hakupita tena kwenye ukuta wa picha. Alitoka kwa mlango wa wahudumu, kichwa juu, bila cheo, na anasema hajawahi kutembea vizuri vile.

Miezi minane baadaye barua ilimfikia chumbani kwake kwenye pazia. Bi Zuhura aliandika kwamba bomba limefika. Nyigu wamehamia kwenye paa la shule. Mawe hayakutupwa, kila mtu alichukua lake, na la kwake linazuia mlango usijifunge kwa upepo. Nguo ya kwanza kuifua kwa maji ya bomba ilikuwa joho lile la rangi ya samli, kwani madobi wa mji mkuu walikuwa wamekataa kuligusa. Alilipeleka mwenyewe ukumbini, limenyooka, akakaa kwa muda akiangalia watu wanaotembelea ukuta. Wanazipita zile sura thelathini na saba kwa mwendo uleule mmoja, aliandika. Wakifika kwenye mgongo wa fremu wanasimama. Kila mmoja anauliza huyu ni nani, na mlinzi anawajibu, "Huyo ni mpiga picha."

Barua hiyo iko ndani ya droo, chini ya kiti cha kuzunguka. Wateja wakikaa, Khalfani huitoa na kuwasomea mstari wa mwisho kwa sauti, wapende wasipende. Kisha huweka barua, hunyoosha pazia, humwambia mtu ainue kidevu kidogo, na humtazama kitambo kirefu kabla ya kubonyeza.